Mtaa wetu unageuzwa kuwa makazi na biashara: niandike nini kwenye fomu ya maoni?

Swali: "Mtaalamu, naishi Dar es Salaam, dakika chache tu kutoka kituo kimoja cha mwendokasi barabara ya Morogoro. Serikali ya mtaa imebandika tangazo kwamba manispaa inaandaa mpango wa kuendeleza upya kitovu cha mtaa wetu, yaani soko, stendi ya daladala na viwanja vinavyopakana. Matumizi yatatoka makazi kwenda makazi na biashara, ghorofa zitaruhusiwa, na barabara za ndani zitakuwa za waenda kwa miguu. Tumepewa siku 30 za kutoa maoni, na mkutano ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nyumba yetu ni ya marehemu baba, vyumba sita vya kupangisha, kiwanja mita 15 kwa 20. Hati ipo lakini bado ina jina la baba. Mbele kuna fundi cherehani na mama lishe wanaotulipa kodi. Majirani wanasema huu ni mlango wa kutuondoa. Wengine wanasema tudai maegesho ya kutosha kisha tukubali. Fomu yenyewe ina mistari mitano. Je, maoni yangu yana uzito wowote, na niandike nini?"

Jibu:

Ndugu yangu, nianze na hofu ya kuondolewa, maana ikikukaa kichwani hutasikia kingine chochote mkutanoni. Kubadilisha matumizi ya ardhi na kutwaa ardhi ni mambo mawili, na kila moja lina sheria yake. Kubadilisha matumizi kunafuata Sheria ya Mipangomiji ya 2007: manispaa, ambayo ndiyo mamlaka ya upangaji, inachora upya nini kijengwe na wapi. Kiwanja kinabaki chenu, nyumba inabaki imesimama, wapangaji wanaendelea kulipa kodi. Mpango unakugusa siku mtakapoomba kibali cha ujenzi, kwa sababu ombi lenu litapimwa kwa mchoro mpya. Kutwaa ni pale serikali inapoichukua ardhi yenyewe kwa manufaa ya umma. Huko kuna notisi, uthamini na fidia, na tangazo la kuomba maoni halitoshi kumtoa mtu hata chumba kimoja.

Majirani zako hata hivyo hawaoti. Mpango wa namna hii unaweza kuwagusa wenye nyumba kwa njia mbili. Ya kwanza iko ndani ya mchoro: barabara inayopanuliwa, mtaro, eneo la wazi au upanuzi wa soko vinaweza kupita juu ya viwanja vya watu. Ya pili iko sokoni: ardhi ikipanda thamani, madalali wanaanza kugonga milango, na familia zisizo na karatasi zilizokamilika huuza haraka kwa bei ya chini. Hakuna anayewafukuza, lakini baada ya miaka mitano hawapo. Njia zote mbili unaweza kuzizungumzia kwenye maoni yako, ila kwanza uuone mchoro.

Tangazo la karatasi moja halitoshi. Nenda ofisi ya mtaa au idara ya mipangomiji ya manispaa uombe kuona mchoro wa mpango pamoja na maelezo yake ya maandishi. Angalia kipimo kilichoandikwa pembeni. Kikiwa 1:2500, sentimita moja ni mita 25, kwa hiyo kiwanja chenu kinaonekana kama kipande cha milimita 6 kwa 8. Ni rahisi kukikosa. Mwombe ofisa akuoneshe namba ya kiwanja na kitalu, kisha piga picha sehemu hiyo pamoja na ufunguo wa rangi na tarehe ya mchoro. Rasimu hubadilika, na utataka kujua ulitoa maoni juu ya rasimu ipi.

Ukishakipata kiwanja, tafuta mistari miwili mbele yake. Mmoja ni mpaka wa hifadhi ya barabara. Ukiingia ndani ya kiwanja chenu, ina maana kipande hicho kinakusudiwa kuwa barabara, nacho hakiwezi kuchukuliwa bila kutwaliwa na kulipwa. Mwingine ni mstari wa ujenzi. Huo hauchukui ardhi, unakataza tu kujenga mbele yake. Ardhi inabaki yenu, halipwi mtu, lakini jengo jipya lazima lirudi nyuma. Watu wengi huichanganya mistari hii, wakapigania fidia mahali ambapo hakuna fidia, au wakanyamaza mahali ambapo ipo.

Ikiwa mpaka wa barabara umeingia kwenu, jua mapema fidia inajengwa na nini. Kanuni za fidia za 2001 chini ya Sheria ya Ardhi zinataka ilipwe thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yaliyopo, posho ya usumbufu, posho ya makazi ambayo ni kodi ya soko ya mwezi mara miezi 36, fidia ya faida inayopotea, nayo ni faida halisi ya mwezi mara miezi 36, na usafiri wa mizigo ya tani 12 ndani ya kilomita 20. Hapo kwenye faida ndipo wengi hupunjwa, kwa sababu hesabu inadai ushahidi. Mama lishe asiye na daftari la mauzo wala kitambulisho cha biashara anakosa cha kuonesha. Mwambie aanze kuandika mauzo leo, hata kwenye daftari la shule. Na Sheria ya Uthamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu uthamini uidhinishwe, ikichelewa inaongezwa riba.

Mkutanoni atasimama mtu ataje Magomeni Kota, zile nyumba za umma za Dar es Salaam zilizojengwa upya. Ni mfano mzuri, ukielezwa sawasawa. Kaya 644 zilizoondoka pale zilikuwa wapangaji wa nyumba za umma, hazikuwa na viwanja. Zilisubiri miaka mingi, na majengo mapya yenye makazi 656 yakazinduliwa Machi 2022. Ninyi mna hati, kwa hiyo mnasimama mahali pengine kabisa kisheria. Wapangaji wenu, fundi na mama lishe, ndio wanaofanana na wakazi wa kota. Funzo la pale linawahusu wao: ahadi ya kurudi iandikwe kabla ya mtu kuhama, ikiwa na majina na idadi.

Sasa tuje kwenye mpango wenyewe. Makazi na biashara pamoja kwenye mtaa unaotembeka si kitu kigeni kwetu. Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu vimeishi hivyo kwa vizazi vingi: duka chini, watu juu, baraza mbele, kichochoro chenye kivuli. Nyumba yenu ya vyumba sita yenye fundi na mama lishe mbele ni makazi na biashara tayari, ingawa hati yaelekea inasema makazi tu. Kitaalamu jambo hili linafanya kazi kwa hesabu ndogo. Mtu mzima hutembea kama mita 80 kwa dakika. Ndani ya mita 400 ya kituo cha mwendokasi, watu wanafika kwa dakika tano na hawahitaji bodaboda. Wakiwa wengi ndani ya duara hilo, duka dogo, duka la dawa na mama lishe hupata wateja wa asubuhi na jioni bila kutegemea magari. Wakiwa wachache, fremu zinakaa tupu na kinachobaki ni ghorofa tupu lenye geti. Ndiyo maana ghorofa na biashara vinakuja pamoja kwenye pendekezo. Kimoja kinakilisha kingine.

Lakini mpango uleule unaweza kuujenga mtaa au kuuharibu, kutegemea vipimo vinne au vitano ambavyo kwenye mkutano huwa havitajwi. Nitavieleza kwa kiwanja chenu.

Kiwanja ni mita za mraba 300. Tuseme rasimu inaruhusu uwiano wa sakafu kwa kiwanja wa 2. Maana yake mnaweza kujenga jumla ya mita za mraba 600 za sakafu zote zikijumlishwa. Tuseme pia inaruhusu jengo kufunika asilimia 60 ya kiwanja, yaani mita za mraba 180. Mwenye haraka atagawanya 600 kwa 180 aone sakafu tatu na kitu. Ila kuna nafasi za kuacha mpakani. Zikiwa mita 3 mbele, 3 nyuma na 2 kila upande, jengo linabaki mita 11 kwa 14, sawa na mita za mraba 154, kama asilimia 51. Sasa mnahitaji sakafu nne kufikia kile mlichoruhusiwa. Nafasi ya mbele ikiwekwa mita 6, jengo linashuka hadi mita 11 kwa 11, yaani 121, nanyi mnahitaji sakafu tano. Kila sakafu inayoongezeka inadai nguzo nene, ngazi, pampu ya maji na pesa. Kwa mwenye kiwanja cha mita za mraba 1,200 mita 6 za mbele ni jambo dogo. Kwenu ni tofauti kati ya kuweza kujenga na kuuza.

Kuna mtego wa lugha hapa. Mtu akisema "ghorofa nne", mwingine anasikia sakafu nne kwa jumla, mwingine anasikia sakafu ya chini na nne juu yake. Uliza: ni sakafu ngapi kwa jumla, pamoja na ya chini? Jibu liandikwe hivyo kwenye muhtasari.

Kwa viwanja vidogo kwenye kitovu cha mtaa, pendekezo ninaloliona bora ni kuruhusu majengo yashikane pembeni, ukuta kwa ukuta, na nafasi ya mbele iwe ndogo ili fremu zifike kwenye njia ya miguu. Bila mita 2 za kila upande, jengo lenu lingekuwa mita 15 kwa 14, mita za mraba 210. Lazima basi kiwango cha asilimia 60 nacho kipandishwe hadi 70, vinginevyo ruhusa moja inafutwa na nyingine. Ubaya wake ni moto na hewa: ukuta wa pamoja uwe wa kuzuia moto, usiwe na dirisha, na nyuma ibaki wazi ili upepo upite. Kariakoo inaonesha kinachotokea majengo marefu yakijaza viwanja vidogo bila nafasi ya nyuma. Vyumba vya kati vinakuwa giza, na hewa inategemea feni mchana kutwa.

Sasa maegesho, na hapa naomba nitofautiane na majirani zako moja kwa moja. Kudai maegesho mengi ndani ya kila kiwanja ndilo ombi linalowaumiza wenye viwanja vidogo kuliko yote. Gari moja lililosimama linachukua mita 2.5 kwa 5. Ukiongeza nafasi ya kugeuza, ni kama mita za mraba 25. Sharti likiwa gari moja kwa kila makazi na mkajenga makazi sita, mnahitaji mita za mraba 150. Sakafu yenu ya chini nzima ni 154. Fremu ya fundi imekwenda, ya mama lishe imekwenda, na mbele ya njia ya miguu kunabaki geti la magari. Mkitaka vyote viwili mtachimba chini, na uchimbaji kwenye kiwanja cha mita 15, nyumba za jirani zikiwa hatua mbili, ni kazi ya hatari inayohitaji mhandisi, kingo za kuzuia udongo na pesa nyingi. Kinachofanyika badala yake ni mwenye kiwanja kuuza kwa anayeweza kuunganisha viwanja vinne. Ombi lenye akili ni kuondoa sharti la maegesho kwa viwanja vidogo karibu na kituo, na kutengwa eneo moja la pamoja pembeni, likiwa na mahali rasmi pa bodaboda na bajaji. Wasipopewa mahali, njia ya miguu itakuwa kijiwe chao ndani ya wiki moja.

Maji taka ndiyo sehemu ningetaka uisimamie kwa nguvu zote, kwa sababu ndiyo inayoachwa hadi jengo limekwisha. Piga hesabu: makazi manane yenye watu watano kila moja, lita 80 kwa mtu kwa siku, ni lita 3,200 zinazotoka kila siku. Gari la kunyonya la lita 10,000 linajazwa kwa siku tatu. Shimo la choo na shimo la kunyonya, lile linaloachia maji yazame ardhini, vinavyoihudumia nyumba ya vyumba sita yenye choo kimoja cha uani haviwezi kubeba hayo, na mahali ambapo maji ya ardhini yako juu, shimo la kunyonya halinyonyi kabisa wakati wa masika. Sasa zidisha kwa viwanja vyote vya kitovu. Uliza swali moja tu: bomba la maji taka la umma lipo, au lini litafika, na je, vibali vya sakafu zaidi ya mbili vitasubiri lifike? Wasipokuwa na jibu, andika kwamba unataka mpango ugawanywe kwa hatua, na urefu uruhusiwe kadiri miundombinu inavyofika. Ni ombi la haki, na mpangamiji yeyote makini atalitambua.

Mvua nayo ina hesabu yake. Mvua ya milimita 50 juu ya kiwanja cha mita za mraba 300 kilichozibwa chote kwa paa na zege ni lita 15,000. Leo sehemu inanywewa na udongo wa uani. Viwanja vyote vikizibwa, mtaro ule ule uliojaa mchanga na chupa utapokea maji yote kwa saa moja. Omba sehemu ya kila kiwanja ibaki bila kuzibwa, na mitaro ifunikwe kwa vipande vya zege vinavyoweza kuinuliwa na watu wawili ili isafishike. Mtaro uliofunikwa moja kwa moja unapendeza siku ya uzinduzi, kisha unaziba na hakuna anayeweza kuufungua.

Kuhusu njia za miguu, usikubali neno "pana". Dai vipimo. Viti viwili vya magurudumu kupishana vinataka karibu mita 1.8, kwa hiyo mita 2 za wazi ndizo kiwango cha chini. Pembeni yake omba ukanda wa mita 1.5 wa miti na meza za wafanyabiashara wadogo, uliochorwa na kuwekwa namba. Ukanda usipochorwa mama lishe atakuwepo tu, lakini atakuwa mvamizi anayefukuzwa kila oparesheni. Miti si pambo kwa jua la Dar es Salaam. Mita 400 bila kivuli saa saba mchana ni mbali. Mahali penye mwinuko, kila mita moja ya kupanda iwe na mita 12 za urefu, asiyeweza ngazi apite. Na barabara itakayofungiwa magari ibaki na mita 4 hivi zisizo na nguzo wala vibanda, kwa sababu gari la zimamoto na la kunyonya maji taka lazima vipite.

Sasa swali lako la mwisho: je, maoni yana uzito? Nikujibu kwa ukweli. Maoni si kura. Watu 300 wakisema hapana, mpango haufi kwa hilo tu. Manispaa inatakiwa kuyapokea na kuyatafakari, haifungwi kuyafuata. Ila kati ya mkutano na kuidhinishwa kuna meza kadhaa: ofisa mipangomiji anayeandika majumuisho, kamati ya mipangomiji ya madiwani, Baraza la Madiwani, kisha Mkurugenzi wa Mipangomiji wizarani. Kinachosafiri kutoka meza hadi meza ni maandishi. Kelele za mkutanoni huandikwa mstari mmoja: "Wananchi walitoa maoni mbalimbali." Hoja yenye namba ya kiwanja, kipimo kilichopo, kipimo kinachoombwa na sababu, ni vigumu kuimeza, kwa kuwa mtu lazima aandike kando yake "imekubaliwa" au "imekataliwa kwa sababu hii".

Kwa hiyo usiandike "napinga" wala "nakubali" peke yake. Andika namna hii:

"Mimi ni mkazi na mmoja wa warithi wa kiwanja namba fulani, kitalu fulani. Naunga mkono matumizi ya makazi na biashara. Naomba sharti la maegesho libadilishwe: viwanja vilivyo chini ya mita za mraba 400 visilazimishwe kuweka maegesho ndani. Sababu: kwenye kiwanja chetu cha mita 15 kwa 20, magari sita yanamaliza sakafu yote ya chini, na fremu mbili zinazotumika sasa zitapotea. Mbadala: maegesho ya pamoja kando ya stendi."

Hoja tatu za aina hiyo zinatosha. Kwako ningechagua maegesho, maji taka kwa hatua, na ukanda wa wafanyabiashara wadogo. Mistari mitano isikubane: andika "tazama kiambatisho, kurasa mbili" na uambatishe. Barua iandikwe kwa Mkurugenzi wa Manispaa kupitia kwa Mtendaji wa Kata na Mtendaji wa Mtaa, lakini nakala moja ipeleke mwenyewe masjala ya manispaa, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua inayopita mikono mitatu inaweza kulala kwenye droo ya pili hadi siku 30 ziishe. Hesabu siku hizo kuanzia tarehe ya tangazo. Tarehe uliyoliona wewe haihesabiki.

Barua ya pamoja ina nguvu yake kwa diwani, maana anaona majina. Kwa mpangamiji, nakala 40 zinazofanana ni hoja moja. Barua tano kutoka viwanja vitano tofauti, kila moja na tatizo lake, zina uzito zaidi. Wapangaji nao waandike. Sauti haihitaji hati, na fundi wako anajua kuliko wewe wateja wake wanatoka upande gani.

Jumamosi fika mapema. Daftari la mahudhurio lisainiwe likiwa na kichwa kinachosema ni la mkutano gani na tarehe gani. Karatasi tupu yenye safu za sahihi usiiguse, kwa sababu sahihi za mahudhurio zimewahi kuambatishwa kama sahihi za ridhaa. Uliza nani anaandika muhtasari na utapatikana wapi. Ukisimama, taja jina na kiwanja, sema hoja moja kwa dakika mbili, kaa. Baada ya wiki mbili, nenda uombe kuona majumuisho ya maoni na uangalie lako limeandikwaje. Likiwa limepotoshwa, andika barua ya masahihisho siku hiyo hiyo, na nakala kwa diwani, maana yeye ndiye atakayekaa kwenye kamati.

Nje ya fomu, familia yenu ina uamuzi wa kufanya, na hauna haraka kama madalali watakavyosema. Mnaweza kukaa kama mlivyo. Ni halali, ingawa mkibadilisha masharti ya hati kuwa makazi na biashara, pango la ardhi litapanda. Mnaweza kujenga kwa awamu: msingi na nguzo za sakafu nne, mkaanza na mbili. Hii naipenda kwa familia yenye kipato cha kodi, ila msingi usanifiwe na mhandisi tangu mwanzo, kwani kuongeza sakafu juu ya msingi wa nyumba ya chini ni kuomba maafa. Mnaweza kuunganisha viwanja na jirani, mkapunguza gharama za ngazi na kupata nafasi nzuri zaidi. Au mnaweza kuingia ubia na mjenzi, naye akajenga mkagawana makazi kwa kila sehemu kuwa na hati yake chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008. Ubia una faida kubwa na mashimo makubwa. Mkataba utaje ni sehemu zipi zenu kwa namba na sakafu, kodi atakayowalipa wakati wa ujenzi, tarehe ya mwisho, na kitatokea nini akisimama katikati. Na hati isiwekwe rehani kwa mkopo wake bila kikomo kilichoandikwa. Mkataba unaosema tu "asilimia 40 ya jengo" utawapa asilimia 40 ya sakafu ambazo hakuna mpangaji anayezitaka.

Ukiacha kukaa kama mlivyo, hakuna hata moja kati ya hayo linalowezekana hati ikiwa na jina la marehemu. Kikao cha familia, cheti cha kifo, msimamizi wa mirathi kuteuliwa na mahakama, kwa familia nyingi Mahakama ya Mwanzo, kisha jina lake kuandikishwa kwa Msajili wa Hati: anzeni wiki hii. Mkifika kwenye uthamini bila msimamizi, hakuna mwenye mamlaka ya kusaini wala kupokea fidia, na ndugu wanaanza kugombana huku saa inahesabu. Angalieni pia hati ni ya miaka mingapi, 33, 66 au 99, na ilianza lini. Hati za miaka 33 za mitaa ya zamani nyingine zimekwisha muda bila wenyewe kujua, nayo kuihuisha ni rahisi zaidi kabla mpango haujaidhinishwa.

Kwa maoni ya fomu huhitaji kumlipa mtu. Mchoro ukikushinda, tafuta mpangamiji aliyesajiliwa na bodi yao akae nawe saa moja. Majirani watano wakichanga, si gharama ya kutisha. Mpima ardhi mtamhitaji ikiwa mpaka wa barabara umegusa kiwanja na mawe ya mpaka hayaonekani. Wakili mtafuteni kabla ya sahihi yoyote ya ubia au mauzo, na asiyemudu atumie watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017. Na ukiona alama ya X ukutani, au watu wanapima vyumba na kupiga picha za wenye nyumba wakiwa na namba kifuani, ujue umeshatoka kwenye maoni na umeingia kwenye kutwaliwa. Siku hiyo usisaini fomu ya uthamini yenye sehemu tupu. Hakikisha kila chumba, mti, kisima, choo na biashara ya mpangaji vimeandikwa, piga picha kila ukurasa, na uende kwa wakili au mthamini aliyesajiliwa kabla ya wiki kuisha.